Mabua ya Shamba la Mama

Kabla ya kuondoka

Usiku ule baada ya ushirika wetu wa Jumatano sikulala, na wa kulaumiwa ni Brayo. Mnakumbuka tulikuwa tumefika mwisho wa somo la kumpenda jirani, mimi nikiongoza, chai ikiwa imeshachemka, naye akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Salome, wewe jirani ambaye humpendi ni nani?" Nikajibu kitu kuhusu Wayahudi na Wasamaria. Mkaridhika, tukafunga kwa sala, tukanywa chai. Nilipojilaza ndipo nikajua kwamba jibu langu la kweli halikuwa mbali vile. Lilikuwa na lugha yake na ng'ombe wake, na lilikuwa likiteremka kuelekea shamba la mama yangu wiki hiyo hiyo.

Mmekuwa mkiniuliza nini kilitokea huko nilikokwenda, na kila nikijaribu kueleza kwa mdomo naanzia katikati. Kwa hiyo naandika.

Wengi wenu mnanijua kama msichana wa Thika. Kwetu hasa ni Golbanti, ukingoni mwa Mto Tana. Sisi ni Wapokomo, wakulima. Nilikuwa darasa la nne wakati wa mapigano kati yetu na Waorma, wafugaji tunaopakana nao. Nyumba yetu iliteketea. Nyumba zao pia ziliteketea, ingawa hilo la pili sikulisikia likitajwa kwetu mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mama akanileta Thika, shamba likabaki mikononi mwa kaka yake, Mjomba Jillo.

Siku chache kabla ya swali la Brayo, Mjomba alikuwa amepiga simu. Mahindi yamevunwa, akasema, na ukame umeyamaliza malisho ya juu. Kijiji kimekubaliana kuwa Jumatatu mabua yote ya upande wa mto yachomwe, ili ng'ombe wa Waorma wakiteremka wasikute cha kufuata. Shamba la Mama ndilo la mwisho, linapakana na njia ya ng'ombe kwenda majini. Yote yakichomwa na hilo libaki, ni kama kufunga madirisha na kuacha mlango wazi. Alitaka neno la mwenye shamba.

Zamani mabua hayakuchomwa. Mavuno yakiisha, ng'ombe waliingia wakala mabua, wakaacha samadi, na wenye ng'ombe wakaleta maziwa. Nilikuwa mdogo lakini hayo maziwa nayakumbuka.

Mama mgongo wake haumruhusu kusafiri. Alinisikiliza nikipitia pande zote za jambo hilo, upande wa Mjomba, upande wa ng'ombe, upande wa sheria, upande wa udongo, kisha akasema, "Nenda ukaangalie. Utakalosema wewe ndilo nitakalosema mimi."

Ndicho kilichoniweka macho. Nikisema wachome, nitawezaje kukaa tena mbele yenu na somo la jirani mkononi? Nikisema wasichome, mimi ni nani, mtu wa Thika anayewapenda Waorma kutoka umbali ambao ng'ombe hawezi kufika? Nilijiuliza mpaka adhana ya alfajiri kama kumpenda mtu ukiwa mbali na shamba ni upendo, au ni kukosa shamba tu.

Thika hadi Bangale

Basi lilikwenda vizuri mpaka baada ya Mwingi, halafu likaanza kukohoa. Tulipofika Bangale likazima kabisa. Dereva alisema ni kitu kidogo. Utingo akalala chini ya basi, miguu yake ikabaki nje, na baada ya muda hata miguu ikaacha kusogea. Tukaelewa tutafute chakula.

Bangale ni mji wa mifugo na maduka madogo. Karibu kila mtu niliyemwona alikuwa Msomali. Niliingia hoteli iliyokuwa karibu, nikaketi kona, nikaagiza wali na nyama ya mbuzi. Mhudumu akauleta, na juu ya wali akawa ameweka ndizi moja nzima, na ganda lake.

Nikaweka kijiko chini. Ni lazima niwaeleze kwamba sisi Wapokomo ni watu wa ndizi, na utani wa wafugaji juu yetu huanzia hapo na kuishia hapo. Nikawaza: amenijua. Amenitazama pua, nywele na rangi, akaenda jikoni, wakacheka, akaniwekea ndizi. Nikawaza pia kwamba nikinyamaza nimekubali, na nikisema nitaanzisha vita katika mji ambao basi langu limekufa.

"Sikuagiza ndizi," nikamwambia.

"Ndizi ni bure."

"Kwa nini mimi?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta neno la Kiswahili na halipati. Mwanamke aliyekaa meza ya pili, ambaye nilikuwa nimemwona ndani ya basi na marobota yake ya madera, akaanza kucheka mpaka akashika mtandio wake usianguke.

"Dada," akasema, "hebu angalia meza zingine."

Nikaangalia. Kila sahani ilikuwa na ndizi. Mzee mmoja alikuwa akiimenya yake na kuikata vipande ndani ya wali, akila pamoja na nyama, bila habari na mtu.

"Ukimaliza kuikasirikia, itie kwenye wali," akasema yule mwanamke. "Ni tamu."

Ni tamu kweli. Alihamia meza yangu bila kuuliza. Jina lake Halima, mfanyabiashara wa nguo, anatoka Isili, Nairobi, kununua mzigo na anarudi kwao Garsen.

"Wewe Msomali?" nikamuuliza.

"Mimi Mworma. Na wewe?"

"Mimi wa Thika."

"Thika ya wapi? Unaongea kama watu wa mto."

Nikameza wali. Nilikuwa nimelivuta begi langu karibu na mguu kabla akili yangu haijaniambia kwa nini. Halima aliuona mkono wangu, najua aliuona, lakini akamwita mhudumu akaniagizia chai ya maziwa.

Ndani ya lori, Bangale hadi Hola

Jioni ilipokaribia, dereva wa basi aliacha kusema ni kitu kidogo. Halima akapata lori lililobeba unga na vitunguu kwenda Hola. Akapanga bei, akapanga marobota, akanipanga na mimi. Tulikaa mbele na dereva, pamoja na mzee mmoja mwenye ndevu za hina aliyekuwa akishukia Madogo.

Mzee hakufurahi kukaa karibu nami. Alisogea mpaka hapakuwa na mahali pa kusogea, kisha akasema maneno mafupi kwa Kisomali, akionyesha kichwa changu kwa kidevu. Dereva alicheka kidogo, halafu akaacha. Halima akamjibu yule mzee kwa sauti ya chini, maneno mengi, mfululizo, mpaka mzee akageukia dirisha.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Ujinga."

"Ujinga gani?"

"Ujinga wa mtu mzima. Wa nywele. Funga mlango vizuri, unapiga kelele."

Nikafunga mlango. Kule hotelini nilikuwa nimejitengenezea tusi ambalo halikuwepo, na sasa hili lilikuwepo, na nikagundua kwamba yote mawili yalikuwa yanauma mahali pamoja. Sijui kama mmewahi kuhisi hivyo. Mtu anatazama nywele ulizoumbwa nazo na anakupangia daraja lako duniani, na wewe umekaa tu na tikiti ya lori.

Baada ya Madogo, mzee aliposhuka, Halima alininyooshea chupa ya maji.

"Na nyinyi mna maneno yenu juu yetu," akasema. "Hebu sema moja."

"Sijui hata moja."

"Unajua."

"Najua."

"Basi usiseme. Tuko sawa."

Dereva akacheka tena, safari hii vizuri.

Barabara ya kwenda Hola ni ndefu, na lori la vitunguu haliharakishi. Nilipata muda wa kufikiri, jambo ambalo kwangu si zawadi. Nimekuwa nikiomba kwa miaka Mungu aniondolee chuki. Ndani ya lori lile niliona kwamba chuki yenyewe sikuwa nayo nyingi. Nilichokuwa nacho ni woga, na woga huo nilikuwa nimeuita busara, nikauombea uongezeke. Tunafundishwa kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hilo nimelikiri kanisani mara nyingi bila shida, kwa sababu kanisani hakuna anayenisogelea mpaka bega liguse bega. Halima alisinzia, kichwa chake kikaangukia bega langu. Nilikaa wima mpaka Hola nikiogopa kumwamsha.

Garsen, na mahali ambapo sikupanga kulala

Tulilala nyumba ya wageni Hola na kesho yake tukapata basi la Garsen. Nchi kavu ilikuwa imepauka pande zote, majani yamebaki mashina. Lakini mto ulikuwa umejaa, kwa sababu mvua ya milimani hushuka hata pale ambapo kwetu haijanyesha tone. Maji hayo yalikuwa yamekata kalvati ya njia ya Golbanti. Pale stendi kijana wa bodaboda aliangalia viatu vyangu, akaangalia begi.

"Leo haipitiki, siz. Kesho wakiweka mawe."

"Twende kwetu," akasema Halima. "Mama yangu yuko karibu, nje kidogo ya mji."

Kijana alingoja Halima aende kutafuta mkokoteni wa marobota, akaniinamia. "Wewe ni wa Golbanti, si ndio? Utalala kwa hao? Mimi singelala."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini," akasema, na akaondoka kana kwamba nimejijibu.

Nilienda. Msinipongeze. Nilienda kwa sababu Halima alikuwa ameshaweka begi langu juu ya mkokoteni na nikaona aibu kulishusha.

Mama yake Halima ni mwanamke mrefu mwenye Kiswahili kidogo na macho yanayomaliza mambo. Alinikaribisha kwa mkeka, akanipa maziwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Yalikuwa na ladha ya kuni. Nikawaza yameungua, nikawaza nikiyaacha itakuwa dharau, nikayanywa kama dawa, na nilipofika chini nilikuwa nimeanza kuyapenda. Halima aliniambia baadaye kwamba siku hizo maziwa hayakuwa yakiwatosha hata ndama.

Ng'ombe waliporudi jioni, wakiwa mifupa na ngozi, kaka yake Halima alikuja nyuma yao. Anaitwa Barisa. Nilitaka kuonyesha adabu. Kwetu, mgeni akikuta mwenyeji ametoka shambani humuuliza, "Magunia mangapi safari hii?" Mwenyeji husema ni machache, na mgeni husema Mungu ataongeza. Ndiyo heshima yenyewe, usipouliza unaonekana una kijicho. Basi nikasimama, nikanyoosha kidole kuelekea zizi, nikatabasamu.

"Hongera. Ni wangapi? Mmoja, wawili, watatu..."

Mama yake Halima alishika mkono wangu akaushusha chini, akinung'unika dua. Barisa akaja mpaka karibu yangu.

"Nani ametuma wewe kuhesabu?"

"Hakuna. Ni salamu tu."

"Salamu? Mtu wa mto anahesabu ng'ombe yangu, anaita salamu? Kesho anaenda polisi, anasema Barisa alikuwa na hizi, sasa ana hizi, hizi zingine ameiba."

"Barisa," akasema Halima.

"Wewe unaleta nyumbani mtu hata hajui kuangalia mnyama. Rangi ya matope na akili ya matope."

Halima alimjibu kwa Kiorma na sikuhitaji tafsiri. Kisha akanichukua kando. Kunyooshea mifugo kidole na kuihesabu ni kuiitia kifo, akaniambia, na wakati wa ukame hakuna anayefanya hivyo hata kwa mzaha. Nikamweleza kuhusu magunia. Alinisikiliza, akafunika mdomo. "Yaani nyinyi mnaulizana hivyo? Na mtu hakasiriki?"

"Anakasirika usipouliza."

Akaenda kumwambia mama yake, nikasikia yule mama akicheka ndani, kidogo. Barisa hakucheka.

Asubuhi nilitoka nje nikakuta ng'ombe mmoja mwekundu amelala na hawezi kuinuka. Mnajua nilichowaza. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kidole changu. Barisa na jirani mmoja walikuwa wamepitisha gogo chini ya tumbo lake, na walihitaji mtu wa tatu. Halima alikuwa ameenda sokoni.

"Shika mkia," Barisa akaniambia bila kunitazama. "Vuta juu. Usiogope, haitakuuma."

Nikashika. Sijawahi kuwa karibu na ng'ombe kiasi kile. Tuliinua mara kadhaa akianguka, na mara ya mwisho akasimama, miguu ikitetemeka kama ya meza mbovu. Barisa aliweka paji la uso wake kwenye shingo ya yule mnyama. Nilikuwa nimemwogopa mtu yule usiku mzima, na sasa nilimwona amefumba macho hivyo, na sikujua nitazame wapi.

"Hii inataka majani tu," akasema. "Majani iko kwenu. Na kwenu wanachoma."

Alijua. Wote walijua. Sikumwambia shamba la mwisho ni la nani.

Golbanti

Kalvati ilipitika mchana huo. Mjomba Jillo alinipokea kwa kambale na ndizi za kuchemsha, na mkewe akanishika mashavu akasema nimekonda kama mtu wa mjini. Nilimtazama Mjomba akila. Ni mzee wa kanisa, mtu anayemwombea hata mbwa wa jirani. Mkewe alikimbia wakati wa mapigano akiwa na mimba, na mimba hiyo haikufika. Hilo nalijua tangu utotoni, hakuna anayehitaji kulitaja.

"Umelala wapi jana?" akauliza.

Nikamwambia. Akaacha kutafuna.

"Kwa Barisa? Yule?"

"Unamjua?"

"Namjua sana. Ng'ombe wake walikula mpunga wa Mama Saruni miaka miwili mfululizo. Ukimwambia, anakutukana."

"Hata mimi alinitukana."

"Basi unaona."

"Ng'ombe wake wanakufa, Mjomba."

"Najua. Nina macho." Alisukuma sahani. "Salo, usifikiri mimi nafurahia. Wale watu siku hizi wananisalimia sokoni na mimi nawasalimia. Bwana alisema tuwapende adui. Hakusema tuwape shamba."

"Si shamba. Ni mabua."

"Mabua ndiyo mlango wa shamba. Leo mabua, kesho mahindi mabichi. Na mabua yana funza, yakibaki wanaingia kwenye mbegu mpya. Hilo nalo ni chuki?"

Sehemu ya funza ni kweli, niliwahi kuisoma. Nilitoka nikaenda shambani peke yangu. Mabua yalikuwa yamesimama mistari kwa mistari, makavu, yakisugua majani yake. Mlango wa upande wa njia ya ng'ombe ulikuwa umezibwa kwa matawi ya miiba. Ng'ambo ya mpaka ulikuwa mpunga wa Mama Saruni, mbichi, unakaribia kutoa masuke. Kila hoja niliyoileta akilini ilikuja na ndugu yake wa kuipinga.

Jumapili tuliomba. Mjomba mwenyewe aliongoza sala ya amani ya kaunti nzima, sauti ikimkatika, na sikuwa na shaka kwamba anaimaanisha. Ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Nilikuwa nimekuja nikitafuta ni nani asiye na upendo nimwonyeshe njia, na sikumpata. Kila mtu alikuwa nao, umewekwa mahali salama ambapo ng'ombe hawafiki.

Nikampigia Mama simu. Nilimweleza yote, funza, mpunga, yule ng'ombe mwekundu, maneno ya Barisa kuhusu matope. Nikamwambia, "Wewe ndiye mwenye shamba. Niambie ungefanya nini, nifanye hivyo."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Mimi ningechoma," akasema.

"Ungechoma?"

"Ningechoma mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla ya wengine. Nikifumba macho naona paa letu. Nimeomba, mwanangu, na bado naliona. Kwa hiyo nilijua mimi sifai kwenda. Nikakutuma wewe."

"Mgongo wako je?"

"Mgongo unauma pia."

Tulicheka wote wawili, halafu akalia kidogo, halafu akasema nisimalize salio langu la simu. Nilikaa juu ya tuta la shamba. Nilikuwa nimengoja siku zote hizo moyo wangu utulie, nihisi upendo kwanza ndipo nitende, kama mtu anayengoja maji yapoe. Mama alikuwa hajahisi chochote cha namna hiyo, na bado alikuwa amefanya kitu: alijiondoa njiani ili mtu mwingine apite. Barisa nilikuwa simpendi. Nilikuwa nakumbuka kila neno lake. Lakini shamba halikuhitaji nimpende kwa namna ya kuimbwa. Lilihitaji mtu wa kuondoa miiba, na mtu wa kusimama pale ili mpunga wa Mama Saruni usiguswe.

Kurudi kwa Barisa, na kurudi tena

Kabla ya kwenda kwa Barisa nilimwambia Mjomba kwamba letu halitachomwa. Alisema, "Mpunga ukiliwa, nani atamwambia mwenye mpunga?"

"Mimi. Nimeshatoka kwake. Amesema nikishindwa atanichapa yeye mwenyewe, lakini hakusema hapana."

"Na funza?"

"Tutalima mabaki mapema, yageuzwe chini. Nitakaa nisaidie."

"Wewe? Kulima?" Alinitazama mikono. "Fanya unavyotaka. Shamba ni la mama yako." Akaingia ndani.

Nilichukua bodaboda mpaka kwa kina Halima. Halima alikuwa dukani kwake mjini, kwa hiyo hapakuwa na wa kunitetea. Barisa alikuwa anachonga fimbo. Nilimwambia kwamba shamba la mwisho karibu na njia ya maji ni la mama yangu na halitachomwa. Aje kesho asubuhi. Aingie upande wa njia tu, watu wake wasimame upande wa mpunga, na jua likiwa kali watoke wakanywe maji.

Hakuacha kuchonga. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hakuna mtu hataki kitu."

"Nataka mpunga usiguswe."

"Na kama ni mtego? Mimi naingiza ng'ombe, vijana wenu wanatoka na mapanga, wanasema tumemkamata mwizi ndani ya shamba."

Sikuwa nimewaza hilo kabisa, mimi ninayewaza kila kitu. Safari nzima nilikuwa nimeutazama mlango ule kutoka upande wa ndani. Kumbe hata kwa nje kulikuwa na mtu asiyelala.

"Nitakuwepo," nikasema.

"Wapi?"

"Pale mlangoni."

"Mbele au nyuma?"

"Popote."

"Simama mbele. Ng'ombe wakiingia, wewe uko ndani pamoja nao. Kukiwa na kitu, kitupate wote."

Nikasema sawa. Mama yake, aliyekuwa ameketi mlangoni akisikiliza kwa Kiswahili chake kidogo, akamwambia kitu. Barisa akafuta kisu kwenye paja.

"Anasema nikuombe radhi kwa lile neno la matope."

Nikangoja.

"Anasema hivyo," akarudia, akaiinamia fimbo yake. Nikaona hiyo imetosha kwa siku moja.

Jumatatu asubuhi moshi ulikuwa umeanza kupanda kutoka mashamba ya mwisho wa kijiji. Nilifika mlangoni kwetu mapema kuliko ilivyohitajika, nikaomba sala isiyo na mpangilio, nikasikia kengele za ng'ombe kabla sijawaona. Barisa alikuja mbele yao, akasimama upande wa pili wa miiba. Alitazama moshi. Akatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Mjomba Jillo alikuwa anakuja kati ya mistari ya mabua, panga mkononi. Barisa alisema neno moja kwa Kiorma, na watu wake wakasimama. Mjomba alitupita bila salamu, akaenda mpaka kwenye mpaka wa Mama Saruni, akainama, akaanza kukata matawi ya mgunga na kuyapanga kando ya mpunga, moja baada ya jingine, kama ukuta.

"Salo," akaita bila kuinua kichwa, "upande huu nipo mimi. Wewe fungua."

Nikashika tawi la kwanza, likanichoma, nikalivuta. Barisa alishika la pili kutoka upande wake. Tuliyatoa yote, tukayarundika pembeni, na nikaingia mbele ya ng'ombe, ndani ya mabua ya mama yangu.